Dakika 45 za kuwaza kwa sauti

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Saa mbili kasoro dakika tano usiku mpwa wangu alikuwa ameshafunga dirisha, ametundika kanga ya mama yake mlangoni kuzuia sauti ya sebuleni, na ameweka simu mbili mezani. Moja ilikuwa na bando la siku, nyingine bando la akiba, endapo ya kwanza ingekwama. Umeme wa luku alinunua tangu mchana. Feni aliizima kwa sababu inavuma kwenye maikrofoni. Sinza, mwezi wa pili, feni imezimwa na dirisha limefungwa: msomaji wa Dar anajua maana yake.

Huko California ilikuwa saa tatu asubuhi. Msaili akatokea kwenye kioo na kikombe chake cha kahawa, akasalimia, akaeleza utaratibu kwa dakika mbili tatu, kisha akabandika swali. Kampuni ni ya Marekani na jina lake naliweka pembeni. Kazi yenyewe ni uhandisi wa programu, ya kufanyia hapa hapa nyumbani, kwa mshahara ambao dada yangu alipotajiwa aliuliza mara mbili kama ni wa mwezi au wa mwaka.

Mimi na dada tulikaa sebuleni tukiangalia taarifa ya habari bila sauti. Kwa dakika kumi za kwanza tulisikia Kiingereza cha mpwa wangu kikienda vizuri. Halafu kikakatika. Kimya kikadumu mpaka dada akaninong'oneza kama umeme umekatika chumbani peke yake.

Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mjomba, jibu nilikuwa nalijua," akasema. "Limekuja wakati nafunga kompyuta."

Hesabu ya Mangi

Swali halikuwa la ajabu. Niliseme kwa lugha ya dukani. Una orodha ndefu ya bei za bidhaa na mkononi una noti ya 10,000. Tafuta bidhaa mbili ambazo bei zake zikijumlishwa zinafika 10,000 kamili, pasipo chenji.

Njia ya kwanza anaiona kila mtu: chukua bidhaa ya kwanza, ijumlishe na kila moja ya zilizobaki; chukua ya pili, fanya hivyo hivyo, mpaka mwisho. Orodha ya bidhaa 1,000 ina jozi 499,500 za kujaribu. Ikifika bidhaa milioni moja, jozi zinakaribia bilioni 500, na hapo hata kompyuta inatoka jasho.

Njia ya pili ni ya Mangi, mwenye duka wa mtaani, na daftari lake. Anapita orodha mara moja tu. Akikuta sabuni ya 3,500 anajiuliza: kinachokamilisha ni kipi? Ni 6,500. Anachungulia daftarini kama 6,500 imeshaandikwa. Kama haipo, anaandika 3,500 na kusonga mbele. Kwa bidhaa milioni moja anachungulia daftari mara milioni moja, basi. Mashine inamaliza kabla hujapepesa jicho.

Mpwa wangu aliiona njia ya kwanza mara tu aliposoma swali. Aliona haya kuitaja. Alidhani kutaja njia ya kizembe mbele ya mzungu wa California ni kujidhalilisha, kwa hiyo akanyamaza akiitafuta ya pili. Kumbe wasaili wengi wanataka uianze hiyo hiyo ya kizembe, uiseme kwa sauti, ueleze ubovu wake, kisha muiboreshe pamoja. Kimya chake cha dakika nane hakikuwa na pa kuandikwa kwenye fomu ya msaili zaidi ya pale penye upungufu.

> Kijana aliona haya kusema jibu la kwanza. Msaili alikuwa analisubiri hilo hilo.

Foleni ilivyo

Usaili wa kazi hizi si wa kikao kimoja. Kwanza unatuma wasifu. Ukipita, anakupigia afisa ajira, mazungumzo ya nusu saa hivi. Halafu unakuja usaili wa mchujo, ndio huo wa dakika 45, unaandika programu huku mtu anakuangalia. Ukivuka, unaitwa siku nzima ya vipindi vinne au vitano: algoriti (maswali kama lile la Mangi), usanifu wa mfumo mkubwa, na kipindi cha kuulizwa tabia yako kazini. Zamani siku hiyo ulikatiwa tiketi ya ndege ukaandike kwenye ubao mweupe ofisini kwao. Tangu UVIKO-19, mengi yamehamia kwenye kioo.

Google wana ziada yao: anayekusaili siye anayeamua. Anaandika ripoti, na kamati ya watu ambao hawajakuona uso ndiyo inayosoma na kutoa uamuzi. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa kampuni hiyo, ameandika kwamba walikuwa wakipokea maombi zaidi ya milioni mbili kwa mwaka na kuajiri maelfu machache tu.

Kwetu umati wa waombaji si habari ngeni. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita wasailiwa zaidi ya 10,000 Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70. Tofauti ni kwamba umati ule ulionekana kwa macho, ukapigwa picha, ukasemwa bungeni na vijiweni. Huu wa kampuni za teknolojia kila mmoja yuko chumbani kwake na kanga mlangoni.



Mfuniko wa chemba

Mtindo wa kuwatega wasailiwa una historia, na mwanzoni ulikuwa wa vituko zaidi. Microsoft ilipata sifa kwa kuuliza kwa nini mifuniko ya chemba ni ya duara. Jibu lililotakiwa ni kwamba duara haliwezi kutumbukia ndani ya tundu lake, tofauti na mraba. Sijui mtoto wa Sinza angejibu nini, maana mifuniko mingi ya mtaani kwetu ni ya zege na ya mraba, na ile ya chuma iliyobaki ilishaondoka na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wengine waliuliza mipira mingapi ya gofu inaenea ndani ya basi la shule. Konda wa daladala angemaliza usaili kwa neno moja: yote, sogeeni nyuma.

Mwaka 2013 Bock aliliambia gazeti la New York Times kwamba vitendawili vile vilikuwa kupoteza muda, havikutabiri chochote, na kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya msaili ajione mjanja. Takwimu za ndani ziliwaonyesha pia kwamba baada ya vikao vinne, kuongeza cha tano na cha sita hakusaidii kitu cha maana. Kabla ya hapo kulikuwa na waombaji waliohojiwa zaidi ya mara kumi.

Vitendawili vikaondoka, algoriti zikabaki. Na penye mtihani hapakosi tuisheni. Gayle Laakmann McDowell, aliyepata kufanya kazi Google, Microsoft na Apple, alitoa mwaka 2008 kitabu cha kujiandaa kiitwacho Cracking the Coding Interview. Toleo lake la sita lina maswali 189 na majibu yake. Tovuti ya LeetCode ina maswali zaidi ya 3,000. Vijana wanaamka alfajiri kuyakariri kama sisi tulivyokariri maswali ya mitihani iliyopita ya kidato cha nne. Ukiwauliza ni lini mara ya mwisho walitumia hata moja ya mbinu hizo kazini, wanacheka.

Mti uliogeuzwa

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha Max Howell. Huyu ndiye aliyeanzisha Homebrew mwaka 2009, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, na watengenezaji programu dunia nzima wanaitumia kila siku. Juni 2015 aliandika Twitter kwa hasira kwamba Google wamemkataa, wakati kwa hesabu yake asilimia 90 ya wahandisi wao wanatumia kazi ya mikono yake. Kosa lake, alisema, ni kushindwa kugeuza mti wa data kwenye ubao mweupe.

Kugeuza mti ni nini? Chora ukoo wenu: babu juu, watoto wawili chini yake, mmoja kushoto na mmoja kulia, na wajukuu vivyo hivyo. Sasa uchore kama unavyoonekana kwenye kioo, wa kushoto aende kulia, kila kizazi. Anayejua anaandika mistari mitano. Aliyetoka shule miaka kumi iliyopita na tangu hapo anajenga vitu vinavyofanya kazi, anaweza kukwama.

Mashabiki wake walisahau nusu ya pili ya kisa. Howell mwenyewe baadaye alikiri kwamba nadharia ya kompyuta si fani yake, ila anajua kutengeneza vitu ambavyo watu wanavitaka. Sasa nani alikosea? Kama kazi iliyotangazwa inahitaji mtu wa nadharia, Google walikuwa sahihi. Kama inahitaji mtu wa kutengeneza kitu na watu wakakitumia, waliikataa dhahabu mkononi. Mimi naegemea upande wa Howell, lakini si kwa moyo wote.

Aliye peke yake chumbani

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, wakishirikiana na Microsoft, walifanya jaribio ambalo kila afisa ajira angepaswa kulisoma. Walichukua wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta. Kundi moja lilitatua swali kwenye ubao mweupe mbele ya msaili, likieleza linachowaza. Kundi la pili lilipewa swali lile lile na ubao, likaachwa peke yake chumbani.

Waliotazamwa ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Na katika kundi la kutazamwa hakuna mwanamke hata mmoja aliyefaulu, ilhali wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Idadi ilikuwa ndogo, hivyo hilo la wanawake tusilipigie tarumbeta. Lakini lile la kwanza halina utata: kinachopimwa hapo ni hofu kwanza, ujuzi baadaye.

> Swali ni lile lile, ubao ni ule ule. Kilichobadilika ni macho ya mtu.

Kwetu hofu hiyo ina sura yake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania amefundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kuanzia kidato cha kwanza kila kitu kikawa Kiingereza. Miaka yote hiyo mwalimu akiuliza, unanyamaza mpaka uwe na jibu. Kupayuka mawazo ambayo hujayamaliza ni utovu wa adabu, na wenzako watakucheka hadi mapumziko. Leo mtu huyo huyo anaambiwa awaze kwa sauti, kwa lugha ya tatu, mbele ya mgeni, wakati saa inahesabu.

Halafu kuna kipindi cha tabia. "Tueleze ulivyotatua tatizo gumu kazini." Mpwa wangu katika mazoezi yetu alijibu hivi: tulikuwa na mfumo wa malipo unakwama, tukakaa, tukagundua kosa, tukarekebisha. Nikamuuliza nani aligundua. Akainamisha kichwa: "Ni mimi, mjomba, lakini tulikuwa timu." Ukisema "nilifanya mimi" mara saba ndani ya dakika tano, nyumbani tutakuita mtu wa majivuno. Kwa msaili, "tulifanya" mara saba maana yake wewe ulikuwa unashika tochi.

Tulirudia jibu lile mara nne kabla "nili" haijaanza kumtoka bila kutazama sakafu.

Upande wa mwajiri

Lakini tusiwaonee. Waajiri wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni hii: ubao mweupe hauulizi baba yako ni nani. Kwenye nchi ambayo vimemo vimeajiri watu wangapi sisi wenyewe tunajua, mtihani ambao kijana wa Kasulu na mtoto wa waziri wanapewa swali moja, na ripoti ikasomwa na kamati isiyowajua, si kitu cha kubeza. Vijana kadhaa wasio na shahada ya maana wamepita mlango huo. Kwa kimemo wasingepita.

Hoja ya pili ni hofu ya kuajiri vibaya. Mhandisi asiyejua kazi anaweza kuharibu mfumo unaotumiwa na mamilioni, na kumwondoa ni gharama. Kwa hiyo kampuni kubwa huona afadhali zikose wazuri kumi kuliko kupitisha mmoja mbovu. Kwa mwenye maombi milioni mbili hesabu hiyo inalipa. Kwa aliye miongoni mwa hao kumi, hailipi hata kidogo.

Ziko kampuni zilizojaribu njia nyingine: kazi ya kufanyia nyumbani, muhula wa siku tatu au nne, ujenge programu ndogo kisha muijadili. Kwangu hii inakaribia ukweli wa kazi zaidi. Tatizo ni kwamba kazi ambayo mwajiri anasema ni ya "saa nne tu" huwa siku mbili za mwombaji, bila malipo, na mwenye ajira au mtoto mchanga hana siku mbili za kugawa. Wengine hunung'unika kwamba walikataliwa bila kazi yao kufunguliwa.

Nairobi na kiti kinachovutwa

Kwa kijana wa Afrika Mashariki macho yako Nairobi. Microsoft ilifungua kituo chake cha wahandisi huko mwaka 2019, sambamba na kingine Lagos. Google ikatangaza Aprili 2022 kituo chake cha kwanza cha kutengeneza bidhaa barani Afrika, kiwe Nairobi hiyo hiyo. Kabla yao Andela, iliyoanzia Lagos mwaka 2014, ilikuja Kenya na Uganda ikitafuta vijana chipukizi, kuwafundisha na kuwaunganisha na kampuni za Marekani.

Mlango unafunguka, kisha unajirudi. Septemba 2019 Andela iliachisha kazi vijana wapatao 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda, ikisema soko linataka wazoefu. Novemba 2022 Meta ilipunguza watu 11,000. Januari 2023 Google 12,000. Mwaka 2024 Microsoft ikafunga kituo cha Lagos. Kila wimbi la namna hiyo linamweka kijana wa Sinza foleni moja na mtu wa miaka minane ya uzoefu aliyeachishwa wiki iliyopita. Ndiyo maana swali lililokuwa gumu mwaka 2018 leo ni la kupashia misuli moto.

Na akili mnemba imekuja kuvuruga chungu chote. Mwaka 2025 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia alijulikana kwa kutengeneza programu inayokaa kwenye kioo bila msaili kuiona, ikinong'ona majibu, chuo kikamsimamisha. Mwaka huo huo Sundar Pichai wa Google alisema wanataka angalau kikao kimoja kirudi kuwa cha ana kwa ana.

Hili la mwisho linanitia wasiwasi kuliko hayo mengine. Kikao cha ana kwa ana kina nauli na viza ndani yake, na kwa anayeomba akiwa Dar, Bujumbura au Bukavu, dawa ya udanganyifu wa wachache inaweza kuwa ukuta kwa wengi ambao hawajawahi kudanganya.

Barua ya sentensi tatu

Siku ya kumi baruapepe iliingia. Sentensi tatu. Asante kwa muda wako. Tumeamua kuendelea na waombaji wengine. Unaweza kuomba tena baada ya miezi sita. Mpwa wangu aliijibu kwa adabu, akiuliza amekosea wapi ili ajirekebishe. Hakujibiwa. Kampuni nyingi hazijibu. Zinaogopa kwamba sababu ikiandikwa itageuka ushahidi mahakamani.

Hapo ndipo ninapowadai. Sidai wapunguze ugumu, na sidai nafasi za upendeleo. Nadai mstari mmoja: ulinyamaza mno, au jibu lilikuwa la polepole, au Kiingereza hakikueleweka. Fomu ya msaili tayari ina maneno hayo. Sekretarieti ya Ajira yetu, pamoja na lawama zote tunazoitupia, hubandika majina ya walioitwa hadharani, na kila mtu anajua usaili uliompata ni wa mchujo, wa vitendo au wa mahojiano. Kampuni inayoweza kuhesabu sekunde nilizotazama tangazo lake haiwezi kushindwa kumwambia kijana kilichomwangusha.

Mpwa wangu amebadilisha mazoezi. Jumanne na Alhamisi usiku rafiki yake wa Arusha anampigia, anamtupia swali, naye analazimika kuongea tangu sekunde ya kwanza, hata kama anachokisema ni njia ya kizembe. Dada sasa amezoea kumsikia akibishana na orodha za bei. Miezi sita inatimia mwezi wa nane.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana mwenye usaili usiku wa wiki ijayo, mwachie chumba kisicho upande wa barabara, punguza redio, na angalia luku ina yuniti ngapi kabla ya saa mbili.